Shangazi, antena na mshazari: mwongozo wa fomula moja yenye kazi mbili

Chukua ruta yenye antena mbili na simu yenye antena mbili. Ruta inatuma namba mbili kwa mpigo, kila antena na yake, kwenye masafa yaleyale na wakati uleule. Kila antena ya simu inazipokea zote mbili zikiwa zimechanganyika, kama mtu aliyeketi kati ya redio mbili zinazoimba vitu tofauti. Simu inapaswa kuzitenganisha.

Sasa chukua programu ya muziki. Shangazi amezipa nyimbo mbili nyota, na programu inataka kujua anachokipenda hasa, ili imchagulie wa tatu.

Watu wa redio na watu wa mapendekezo hawakai darasa moja, ndiyo maana wengi wao hawajui kwamba wanategua kitendawili kilekile, kwa fomula ileile, hadi herufi ya mwisho. Hapa tutaipitia fomula hiyo kwa mkono kwanza, kwa namba ndogo unazoweza kuzikagua kwenye karatasi, kisha tutaihamishia kwenye Python. Ukijua kuzidisha matriksi ya mbili kwa mbili, unatosha. Kuwa na kikokotoo karibu.

Hatua ya 1: Panga kila kitu kwa sura ya y = Hx + n

Kwenye redio, x ni namba zilizotumwa, y ni zilizopokelewa, n ni kelele, na H ni jedwali la njia: mstari mmoja kwa kila antena inayopokea, safu moja kwa kila antena inayotuma. H haishuki kutoka mbinguni. Kabla ya data yenyewe, mtumaji hupeleka alama ambazo mpokeaji anazijua tayari. Mpokeaji hulinganisha alichotarajia na kilichofika, na hapo njia imepimika.

Kwenye muziki, y ni nyota alizotoa msikilizaji, H ni sifa za nyimbo (wimbo mmoja mstari mmoja), x ni ladha yake, na n ni ule ugeugeu wetu wanadamu: leo unautunuku wimbo nyota nne, kesho uleule unaupa tatu kwa sababu umeamka vibaya. Tofauti moja ni kubwa: hapa H hakuna aliyeipima. Hilo tutalifikia katika hatua ya 6. Kwa sasa tujifanye tunaijua.

Mfano wetu utatumia matriksi hii kwa kazi zote mbili:

H =
1.0  0.9
0.9  1.0

Tazama safu zake zinavyofanana. Kwenye redio hali hii hutokea antena zikiwa zimebanana, au njiani kukiwa hakuna kitu cha kuyaakisi mawimbi. Kwa masafa ya 2.4 GHz wimbi lina urefu wa sentimita 12.5, na wahandisi kwa mazoea huachanisha antena walau nusu ya wimbi, yaani sentimita 6 hivi. Wengi hudhani kuta ni adui wa antena nyingi. Sivyo kabisa: mwangwi unaogonga huku na kule ndio unaozifanya safu zitofautiane, na uwanja mweupe usio na kizuizi unaweza kukupa mawimbi yenye nguvu lakini matriksi mbovu.

Kwa upande wa Shangazi, safu ya kwanza tuseme ni mdundo na ya pili ni mashairi. Nyimbo mbili alizozipima zina karibu kiasi kilekile cha vyote viwili. Hapo ndipo mtego ulipo: zinafanana mno kutuambia anapenda kipi kati ya hivyo viwili.

Hatua ya 2: Ondoa wastani kabla ya kugusa kitu kingine

Shangazi amezipa nyimbo zote mbili nyota 5. Wimbo wa kwanza wastani wake kwa wasikilizaji wote ni 2.9, wa pili 3.2. Toa: 5 − 2.9 = 2.1, na 5 − 3.2 = 1.8. Hizo ndizo y zetu. Nyota tano kwa wimbo unaopendwa na kila mtu hazitufundishi mengi kuhusu Shangazi. Nyota tano kwa wimbo ambao wengine wameupuuza zinafundisha.

Usiruke hatua hii kwa kuwa ni nyepesi. Kwenye data halisi, wastani wa wimbo pamoja na tabia ya mtu (wapo wakarimu wa nyota, wapo wabahili) hueleza sehemu kubwa ya tofauti hata kabla matriksi haijaanza kazi.

Redio haihitaji kufanya hivi, maana alama za +1 na −1 zinatumwa kwa usawa na wastani wake ni sifuri. Tuseme ruta imetuma (+1, +1). Bila kelele zingefika 1.9 na 1.9. Kelele ikaongeza 0.2 kwenye antena ya kwanza na kupunguza 0.1 kwenye ya pili. Kilichofika: 2.1 na 1.8. Ndiyo, namba zilezile za Shangazi. Nimezipanga makusudi.

Hatua ya 3: Tegua kwa njia ya moja kwa moja, uone inavyoharibika

Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakuambia zidisha kwa matriksi kinyume. Kigawanyo ni 1 × 1 − 0.9 × 0.9 = 0.19.

x ya kwanza = (2.1 − 0.9 × 1.8) / 0.19 = 2.53
x ya pili = (1.8 − 0.9 × 2.1) / 0.19 = −0.47

Simu huangalia tu kama jibu ni la kujumlisha au la kutoa, basi inasoma: +1, −1. Ruta ilituma +1, +1. Namba moja kati ya mbili imepotea, na hesabu haina kosa hata chembe.

Kwa Shangazi matokeo ni kichekesho. Eti anapenda mdundo kupita kiasi na mashairi anayachukia. Mletee wimbo wa tatu wenye mdundo 0.1 na mashairi 1, ambao wastani wake ni 3.0: programu itakisia 3.0 + 0.1 × 2.53 − 0.47, yaani 2.78, na itauficha. Mtu aliyezipa nyota tano nyimbo mbili zilizojaa mashairi ananyimwa wimbo wa mashairi!

Hatua ya 4: Tafuta kosa linakozaliwa

Usiziangalie x mbili moja moja. Angalia jumla yao na tofauti yao. Ukijumlisha mistari ya H, jumla ya x inazidishwa kwa 1.9. Ukitoa mstari mmoja kutoka kwa mwingine, tofauti ya x inazidishwa kwa 0.1 tu. Namba hizi mbili, 1.9 na 0.1, ndizo wanahesabu wanazoziita thamani za singula, na kila matriksi inazo. Njia ya kuaminika ya kuzitafuta kwa kompyuta iliwekwa na wanahesabu Golub na Kahan mwaka 1965, na leo NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inakupa kwa amri moja.

Sasa rudi nyuma. Kuipata jumla, unagawanya kwa 1.9: salama. Kuipata tofauti, unagawanya kwa 0.1, yaani unazidisha mara kumi. Tofauti ya kweli kati ya namba zilizotumwa ilikuwa sifuri. Tofauti ya kelele ilikuwa 0.3, nayo imekuzwa mara kumi ikawa 3. Tumeipaazia kelele sauti, kisha tukaiamini.

Dawa yake ni kujumlisha namba ndogo, tuiite lamda, kwenye mshazari. Badala ya kutafuta kinyume cha H, tunatatua:

(H'H + lamda × I) x = H'y

H' ni H iliyogeuzwa mistari ikawa safu, na I ni matriksi yenye moja kwenye mshazari na sifuri kwingineko. Weka lamda = 0.1. Fanya kwa mkono walau mara moja maishani:

H'H ina 1.81 kwenye mshazari na 1.80 pembeni.
Ukiongeza lamda, mshazari unakuwa 1.91.
H'y = (3.72, 3.69).
Kigawanyo = 1.91 × 1.91 − 1.80 × 1.80 = 0.4081.
x ya kwanza = (1.91 × 3.72 − 1.80 × 3.69) / 0.4081 = 1.14
x ya pili = (1.91 × 3.69 − 1.80 × 3.72) / 0.4081 = 0.86

Simu inasoma +1, +1. Sahihi. Shangazi anaonekana mpenzi wa mdundo na mashairi karibu sawasawa, na wimbo wa tatu unakisiwa kupata 3.0 + 0.1 × 1.14 + 0.86, karibu nyota nne kamili.

Kilichotokea ndani ni hiki. Kila upande wenye thamani d, badala ya kuzidishwa kwa 1/d, sasa unazidishwa kwa d / (d × d + lamda). Upande wenye nguvu, wa 1.9, ulikuwa ukizidishwa kwa 0.526, sasa ni 0.512: karibu haukuguswa. Upande dhaifu, wa 0.1, ulikuwa ukizidishwa kwa 10, sasa ni 0.91. Lamda inajua pa kuuma. Ukweli ulio wazi inauacha, tetesi inazishusha sauti.

Watu wa takwimu huiita ridge regression, kupitia kazi ya Hoerl na Kennard ya mwaka 1970. Watu wa redio huiita makadirio ya kosa dogo kabisa la wastani wa mraba, jina refu kuliko fomula yenyewe. Watu wa mapendekezo husema wameweka adhabu. Ukisikia majina hayo matatu kwenye mkutano mmoja, kaa kimya utabasamu.

Hatua ya 5: Iandike mara moja tu kwenye Python

import numpy as np

def tegua(H, y, lamda):
    k = H.shape[1]
    return np.linalg.solve(H.T @ H + lamda * np.eye(k), H.T @ y)

H = np.array([[1.0, 0.9], [0.9, 1.0]])
y = np.array([2.1, 1.8])
print(tegua(H, y, 0.1))
print(np.linalg.svd(H)[1])

Mstari wa kwanza wa majibu unapaswa kuwa 1.135 na 0.862, wa pili 1.9 na 0.1. Ukipata vingine, umekosea kuchapa.

Mambo mawili ya fundi. Tumia solve, si inv: kukokotoa kinyume kizima kisha kukizidisha ni kazi zaidi kwa usahihi pungufu. Na ukihamia redio halisi, namba zote zitakuwa namba changamano, kwa hiyo kila penye H.T andika H.conj().T. Ukisahau hilo, programu haitalalamika hata kidogo. Itakupa tu majibu ya ovyo kwa uso mkavu.

Hatua ya 6: Pale ambapo H haijulikani, badilishana zamu

Hapa njia za redio na muziki zinaachana, na upande wa muziki ndio mgumu.

Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha makisio ya mfumo wake kwa asilimia 10. Data waliyoitoa ilikuwa na watazamaji 480,189, filamu 17,770 na alama za nyota 100,480,507. Zidisha watazamaji kwa filamu: jedwali lina nafasi zaidi ya bilioni 8.5, na zilizojazwa ni asilimia 1.2 hivi. Zilizobaki ni tupu.

Tupu si sifuri. Naisisitiza kwa sababu nami nilianguka hapohapo: mara ya kwanza nilijaza sifuri kwenye nafasi zote tupu, nikaiendesha SVD ya kawaida (ile amri ya thamani za singula), na mfumo ukajifunza kwa ufasaha mkubwa kwamba hakuna mtu anayependa chochote.

Wazo ni kwamba kila mtu ana namba k za ladha na kila wimbo una namba k za sifa, na nyota ni zao la hizo mbili. Zote hatuzijui. Lakini tukijifanya tunajua sifa za nyimbo, ladha ya kila mtu ni tatizo la hatua ya 4. Tukizijua ladha, sifa za kila wimbo ni tatizo lilelile likiwa limegeuzwa. Basi tunabadilishana zamu:

rng = np.random.default_rng(1)
watu = np.zeros((idadi_watu, k))
nyimbo = rng.normal(0, 0.1, (idadi_nyimbo, k))

for zamu in range(15):
    for u in range(idadi_watu):
        j = np.where(amepima[u])[0]
        watu[u] = tegua(nyimbo[j], R[u, j], lamda)
    for i in range(idadi_nyimbo):
        w = np.where(amepima[:, i])[0]
        nyimbo[i] = tegua(watu[w], R[w, i], lamda)

R ni nyota zilizoondolewa wastani, na amepima ni jedwali la kweli au si kweli. Kila mtu anatatuliwa kwa nyimbo alizozipima tu, basi. Nyimbo zinaanza na namba ndogo za bahati nasibu. Ukianza na sifuri utabaki kwenye sifuri milele, na nimemwona mtu akitafuta hitilafu hiyo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Uzuri wa njia hii ni kwamba Shangazi hamsubiri Mjomba: kila mtu ni hesabu yake, kwa hiyo kazi inagawanyika kwa kompyuta nyingi bila ugomvi. Na kwa k = 50, jedwali lile la Netflix la nafasi bilioni 8.5 linabaki namba milioni 25 hivi, zinazoingia kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida.

Ipo njia nyingine, ya kupita nyota moja moja na kusogeza ladha na sifa kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Aliyeivumisha ni mshiriki wa shindano hilo aliyejiita Simon Funk, aliyeieleza hadharani Desemba 2006 badala ya kuificha. Ni nyepesi kuandika na haihitaji kutatua matriksi, ila ina kasi ya kujifunza ambayo lazima uibahatishe. Kwa anayeanza, mimi napendelea zamu: vya kubahatisha vinabaki viwili tu, k na lamda.

Hatua ya 7: Chagua lamda

Kwenye redio lamda haichaguliwi, inapimwa. Ni nguvu ya kelele ikigawanywa kwa nguvu ya kila alama inayotumwa, na mpokeaji anaweza kuikadiria kutoka kwenye zile alama anazozijua. Kelele ikizidi lamda inapanda, na simu inakuwa na tahadhari zaidi. Kelele ikipungua nayo inashuka.

Kwenye nyota hakuna anayekupimia ugeugeu wa watu, kwa hiyo unaficha baadhi ya majibu. Pakua MovieLens 100K ya Chuo Kikuu cha Minnesota: watu 943, filamu 1,682, alama 100,000. Ni ndogo kiasi cha kuendeshwa huku chai ikichemka. Funika asilimia 10 ya alama, fundisha kwa zilizobaki, kisha pima kosa kwenye zile ulizofunika. Rudia kwa lamda ya 1, 3, 10, 30, na k ya 5, 10, 20.

Kabla ya yote, pima kosa la wastani peke yake, bila matriksi yoyote. Kama mfumo wako wa k = 20 haumshindi huyo, rudi hatua ya 2. Kisha angalia kitu kimoja: lamda ikiwa ndogo mno, kosa kwenye data ya mafunzo linashuka vizuri huku la zile zilizofunikwa likipanda. Mfumo umekariri, haujaelewa. Ni ile 2.53 na −0.47 ya hatua ya 3, sasa kwa watu 943.

Wapo wanaozidisha lamda kwa idadi ya alama za kila mtu, na mara nyingi husaidia. Lakini hapo mtu asiye na alama hata moja anapata lamda ya sifuri, na solve inakufa. Kwa lamda isiyobadilika, mtu mpya anapata ladha ya sifuri tupu, hivyo anapendekezewa kwa wastani wa nyimbo. Ndivyo hata muuza kanda dukani angemfanyia mteja asiyemjua.

Usidharau maboresho madogo. Mfumo wa Netflix ulikuwa na kosa la 0.9525 kwenye data ya mwisho ya majaribio. Mshindi, BellKor's Pragmatic Chaos, alifikia 0.8567 mwaka 2009, baada ya karibu miaka mitatu ya jasho. Timu ya The Ensemble ilifikia 0.8567 vilevile, ikapoteza kwa sababu iliwasilisha dakika 20 baadaye.

Hatua ya 8: Kumbuka kwamba majibu yamesinyaa

Lamda ina gharama yake. Tuseme ruta ilituma (+1, −1) na kelele ni ileile. Kilichofika ni (0.3, −0.2), na tegua inarudisha 0.25 na −0.20. Alama za kujumlisha na kutoa ni sahihi, lakini ukubwa umebaki robo na moja ya tano. Kama mfumo wako unatuma +1 na −1 tu, huna neno. Kama unatuma −3, −1, +1 na +3 ili kubeba data zaidi, mpokeaji akisoma ukubwa huo mbichi atakosea ngazi. Lazima kwanza ugawanye kila jibu kwa kiasi ambacho alama yake mwenyewe imesinyaa, namba inayokaa kwenye mshazari wa zao hili:

G = np.linalg.solve(H.T @ H + lamda * np.eye(2), H.T @ H)

Kwa mfano wetu mshazari huo ni 0.53 kwa kila antena, na pembeni kuna 0.44: karibu nusu ya unachokisikia ni cha jirani. Ukiona pembeni pamekaribia mshazari kiasi hicho, tatizo haliko tena kwenye hesabu. Achanisha antena, au tuma mkondo mmoja badala ya miwili kupitia ule upande wa 1.9, ambao mtumaji akiijua H anaweza kuulenga mwenyewe.

Kwa Shangazi usinyaaji huu unategemea unachokitaka. Ukimpangia orodha ya nyimbo kumi, acha ulivyo, maana mpangilio ndio unaoutumia. Ila ukimwonyesha nyota unazozikisia, ataona karibu kila wimbo una 3 na kitu, na atakuuliza kama wewe nawe una kauli.